Utamu Usiopita Motoni

Maembe ya pwani huiva wakati mgumu kwa mpishi. Kuanzia Novemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na mabati yanapopata moto tangu saa tatu asubuhi, ndipo ngowe, dodo na boribo yanapojaa sokoni, na ndipo mkaazi wa Tanga, Pemba au Malindi anapotamani kila kitu isipokuwa kusimama mbele ya jiko. Mkaa ukishika, nyumba nzima inakuwa jiko. Ramadhani nayo, ambayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, miaka hii imeangukia ndani ya joto hilohilo, na mwenye saumu hukaanga kalimati huku jasho likimtiririka shingoni. Katika msimu kama huo nimejenga heshima kubwa kwa chakula kimoja ambacho watu hukiona kama mchezo wa watoto: rojo laini, jepesi, la mtindi na nazi, linaloandaliwa bila moto na kuwekwa katikati ya sinia la matunda ili kila mtu achovye kipande chake.

Husemwa kuwa ni kitu cha kujazia nafasi baada ya pilau. Mimi naona ni miongoni mwa vyakula vinavyomdai mpishi zaidi, na deni lenyewe linatokana na huko kukosa moto.

Moto humbeba mpishi kuliko anavyokiri. Nyama ngumu hulainika, maharage yaliyolala ghalani msimu mzima hukubali, kitunguu kilichoanza kunyauka hupotea ndani ya mchuzi na hakuna atakayekiulizia. Ukikaanga, unapata rangi na harufu ambazo hazikuwamo katika kitu kibichi. Sukari ikiungua kidogo hugeuka kitu kingine kabisa. Asiyewasha moto amenyang'anywa yote hayo. Amebakiwa na baridi, kitambaa, muda, na ubora wa alichonunua asubuhi. Embe lililovunwa changa likaviringishwa kwenye gunia ili liive haraka litasema ukweli wake wote mbele ya wageni. Mtindi uliopitisha siku zake utanuka kabla bakuli halijatua mezani. Hakuna bizari ya kuficha, hakuna kitunguu cha kukaangwa juu yake.

Niseme haki: moto ulishapita, ila ulipita jana, na pengine katika nyumba ya mtu mwingine. Maziwa ya mtindi lazima yachemshwe kwanza. Wapo wanaoamini kwamba kuganda kunatosha, kwamba uchachu unaua kila kitu. Hautoshi. Vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe husafiri ndani ya maziwa mabichi, na mtindi uliogandishwa bila kuchemshwa unaweza kuvifikisha mezani vikiwa hai. Kuchemsha kuna faida nyingine pia, na hii ni ya upishi. Maziwa yakifikishwa kwenye nyuzi joto 85 hivi na kukalishwa hapo kwa muda, kisha yakapoa na kutiwa mtindi kidogo wa zamani, protini zinazoelea ndani ya maji yake hushikamana na zile za kaseini, na mtindi unaopatikana ni mzito, wenye mshikamano, usiotoa maji ovyo.

Tanga ndiko ninakokijua chakula hiki, na Tanga ina bahati yake. Ni mkoa wa maziwa. Wafugaji wadogo, wenye ng'ombe wawili watatu bandani, hupeleka maziwa yao kituoni mapema asubuhi, na mtindi wa huko huuzwa hadi Dar es Salaam. Ni mkoa wa minazi, kuanzia Pangani hadi Mkinga, na wa machungwa ya Muheza, ambayo msimu wake ukifika huyaoni malori yakipita Segera bila kuyabeba. Juu milimani, huko Amani katika Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea mwaka 1902, wakulima hulima iliki chini ya kivuli cha miti mirefu. Maziwa, nazi, iliki na matunda, vyote ndani ya mkoa mmoja. Sijui mahali pengi ambapo bakuli dogo kiasi hiki linaweza kujazwa bila kuvuka mpaka wa mkoa.

Kazi huanza kwa kuning'iniza. Lita moja ya mtindi mzito usiotiwa sukari humiminwa katikati ya kitambaa cheupe cha pamba, kilichosuuzwa kwa maji ya moto na kisichonuka sabuni. Pembe nne hukusanywa, hufungwa kwa uzi, na furushi huning'inizwa juu ya bakuli. Penye jokofu, na umeme ukiwapo, hukaa humo usiku kucha. Pasipo na jokofu, saa tatu nne za jioni mahali penye upepo zinatosha, ingawa mtindi utakuwa umeongeza ukali kidogo, na kwa maembe matamu sana hilo silioni kuwa ni hasara.

Nusu saa ya kwanza maji hutiririka. Baadaye huwa matone ya kufuatana, na usiku ukienda yanakuja moja moja. Yatazame maji hayo asubuhi kwenye mwanga. Yana umanjano unaoelekea kijani, na rangi hiyo ni ya vitamini B2, iliyokuwamo ndani ya maziwa tangu yalipokamuliwa lakini ikafichwa na weupe wa kaseini na mafuta. Watu wengi wamekunywa maziwa maisha yao yote bila kuiona.

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87. Yakiwa freshi, kipimo chake cha uchachu kiko karibu na pH 6.7. Bakteria wanapokula laktosi na kutoa asidi ya laktiki, kipimo kinashuka, na kikikaribia 4.6 chembe za kaseini, ambazo mpaka hapo zilikuwa zikisukumana, hupoteza nguvu ya kusukumana. Zinashikana na kufanya wavu unaoteka mafuta na maji kwa pamoja. Kitambaa hakifanyi kitu kipya juu ya hapo. Kinauacha tu uzito wa mtindi ujikamue wenyewe.

Na kuacha ndiko kugumu. Mkono unataka kusaidia. Mtu anapita, anaona furushi bado linadondosha, analibana ili amalize. Akilibana, wavu unapasuka, kaseini inapenya katika nyuzi za kitambaa, na maji yaliyokuwa ya manjano yanakuwa meupe: maana yake anamwaga kilekile alichokuwa anakitafuta. Usilibane. Nenda ukalale.

Asubuhi, ukifungua kitambaa, unakuta donge lenye chapa ya nyuzi juu yake, kavu kiasi pembeni mpaka linabanduka lenyewe, na laini zaidi katikati. Likandamize kwa mgongo wa kijiko. Linakubali polepole, na kijiko kikitoka kinaacha ncha iliyosimama wima, isiyolala. Lita moja imebaki karibu nusu. Ukilionja hivyo, kabla ya kulitia chochote, utakuta ukali umetulia, kwa kuwa sehemu ya asidi imeondoka na yale maji, na kilichobaki kinajaza kinywa. Hiyo ndiyo nguzo. Uzito huo ndio utakaobeba hewa baadaye.

Nazi ina masharti yake. Tui la kawaida, lililotiwa maji, lingerudisha ndani ya bakuli maji yaleyale tuliyoyasubiri usiku kucha yatoke. Kinachotakiwa ni kasimile. Chagua nazi iliyokomaa, yenye mlio wa maji ukiitikisa, uikune kwenye mbuzi, na mkono usimame kabla ya kufika kwenye ngozi ya kahawia iliyoshikana na kifuu, maana ngozi hiyo huingiza rangi ya vumbi na ukakasi. Nazi iliyokunwa itiwe kwenye kifumbu ikiwa kavu hivyohivyo, na ikamuliwe kwa kusokota. Anayejua kukamua hana haraka: anasokota, anatulia, anasokota tena, na kinachotoka hakitiririki, kinadondoka kwa uzito na kubaki kwenye vidole kama kinaona tabu kuachana navyo. Nazi moja haitoi nyingi. Kwa nusu lita ya mtindi uliochujwa, kasimile ya nazi mbili kubwa inatosha. Ile chicha iliyobaki bado ina tui la kutosha mchuzi wa samaki, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Mchana wa Januari pwani haushuki hapo hata kivulini, ndiyo maana chupa ya mafuta ya nazi karibu mwaka mzima ni maji Tanga mjini, na chupa hiyohiyo ukiipandisha Lushoto huganda ikawa nyeupe. Kwa hiyo kasimile lazima ipelekewe baridi. Iweke jokofuni saa mbili tatu, nayo itakusanya unene wake juu. Chota unene huo, utie kwenye bakuli lililokalishwa juu ya barafu, uuchape kwa mchapo. Hautafura kama krimu ya maziwa, lakini utapanda, na rangi itageuka kutoka weupe wa maziwa kuwa weupe mkavu zaidi. Chembe za mafuta zilizoganda nusu hujipanga kuzunguka viputo vya hewa na kuvizuia visipasuke. Zikiyeyuka, viputo vinaanguka na unabaki na tui. Ndiyo sababu namsisitizia kila anayeniuliza: barafu kwanza, mchapo baadaye. Tui bichi huchachuka upesi katika joto letu, kwa hiyo kasimile ni ya siku hiyohiyo, haitengenezwi ikasubiri.

Kuchanganya ni kwa mwiko au kijiko kikubwa, kwa kuinua kutoka chini na kufunika, mpaka mistari ya mtindi na ya nazi ipotee. Ukikoroga kwa nguvu unaitoa hewa uliyoiingiza. Halafu viungo, na hapa nina msimamo. Iliki punje nne tu, zimenywe maganda na mbegu zipondwe palepale, kwa sababu iliki iliyosagwa zamani huwa imeshaacha harufu yake kwenye kopo. Chumvi kiasi kinachokaa kati ya vidole viwili. Ganda la ndimu lililoparuzwa juujuu, pasipo kufikia weupe wake ambao ni mchungu. Na asali, vijiko viwili. Ikipatikana ile ya nyuki wadogo, nyembamba na yenye uchachu wake, hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa kazi hii. Ni ghali, na inastahili. Asali nyeusi ya misitu ya miyombo ni tamu kweli, ila ina sauti kubwa mno, inaifunika iliki.

Kwa nini utamu uwe kidogo hivyo? Huko Marekani kichovyo cha matunda kinachopendwa sana kwenye sherehe za nyumbani huchanganya jibini laini ya krimu na marshmallow ya kupaka. Vyote viwili vimezaliwa hukohuko: jibini hiyo ilianzia kwa William Lawrence wa Chester, jimbo la New York, katika miaka ya 1870, na marshmallow ya kupaka iliyo maarufu zaidi kwa Archibald Query, aliyeitengeneza nyumbani Somerville, Massachusetts, mwaka 1917 na kuiuza mlango kwa mlango. Ukivichanganya unapata kitu kitamu sana, nami nakielewa, kwani kimewekwa mbele ya tufaha la kijani na stroberi, matunda ya nchi za baridi yenye ukali unaoomba sukari. Kiweke mbele ya ngowe lililoivia mtini na utakuwa umetia utamu juu ya utamu, mpaka ulimi unachoka kwenye kipande cha tatu. Matunda yetu yana sukari ya kutosha. Yanachokosa ni uchachu, chumvi kidogo, mafuta na harufu, na bakuli linapaswa kuleta vile ambavyo tunda halina.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nikiamini chakula hiki kikamilifu. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini usikate matunda yote, ukayamwagia rojo juu, ukakoroga na kuweka jokofuni hadi wageni wafike? Ndivyo wengi wanavyofanya. Na mara nyingi, baada ya saa chache, wanakuta bakuli limejaa maji na lina uchungu usioeleweka, wakamlaumu aliyewauzia mtindi. Muuza mtindi hana kosa. Kosa ni la nanasi.

Kila mchoma mishikaki wa pwani anajua kwamba papai bichi likisagwa na kupakwa kwenye nyama ngumu, nyama hulegea kabla haijaona moto. Kinachofanya kazi hapo ni papaini, kimeng'enya kinachokata protini vipande vipande. Nanasi lina cha kwake, bromelini, na kiwi wanazoleta madukani kutoka mbali zina aktinidini. Papai likiiva hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Nanasi huiva nayo. Ukilizamisha nanasi lisilopikwa ndani ya mtindi, linaanza kuikata kaseini, na vile vipande vifupi vya protini vinavyobaki ndivyo vyenye uchungu. Wavu ulioshika unyevu unalegea, maji yanatoka. Ule usiku mzima wa kusubiri umefutwa na tunda moja.

Ziko njia mbili za kulizuia. Ya kwanza ni moto: nanasi likichemshwa, bromelini inakufa, ndiyo maana nanasi la kopo halina ubishi huo. Ya pili ni nafasi. Nanasi likae upande wake, maziwa upande wake, vikutane kwa muda wa kutoka bakuli hadi mdomoni, muda ambao hakuna kimeng'enya kitakachowahi kufanya lolote. Kuchovya, basi, kumeletwa na lazima kabla hakujawa mapambo ya meza. Tulipouondoa moto tulilazimika kuweka umbali mahali pake, na umbali huo ndio bakuli la katikati na matunda yaliyolizunguka.

Nimeliwaza hili mara nyingi, kwa sababu mimi ni mtu wa biriani na urojo. Nimekulia katika upishi ambao sifa yake ni vitu kuzama ndani ya vitu vingine hadi huwezi kusema karafuu iliishia wapi na nyama ikaanzia wapi, na sitaacha kuupenda. Lakini upishi huo una namna moja tu ya kuonyesha mapenzi, nayo ni kuvunja. Sinia la matunda lina namna nyingine. Ngowe linabaki ngowe, lenye nyama nyororo na utamu mzito. Chungwa la Muheza linabaki na maji yake. Ndizi kisukari inabaki na ulaini wake. Rojo halimgeuzi yeyote. Linamgusa upande mmoja, linampa alichokosa, na la kwake halipungui. Naona kuna adabu kubwa katika kupika kwa namna hiyo, na adabu hiyo inahitaji ujuzi usiopungua ule wa kuivisha biriani.

Wazo lenyewe la kuchuja mtindi hadi uwe mzito ni la zamani na limeenea. Wagujarati, ambao wamekaa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Kampala vizazi na vizazi, wana shrikhand yao: mtindi uliochujwa kwenye kitambaa, ukasuguliwa na sukari, iliki na zafarani, na kuliwa kwa puri. Ni tamu kuliko ninavyopenda mimi, lakini yeyote anayening'iniza mtindi pwani hii ana deni kwao. Nchi za Ghuba na Sham zina labne yao. Katika hadithi za Mtume imesimuliwa kuwa alipenda siagi pamoja na tende, yaani tunda lililokolea utamu na kitu cha maziwa kisicho na sukari, muungano uleule. Na Ankole, huko Uganda, wana eshabwe, samli inayopigwa na maji ya chumvi mpaka iwe nyeupe na laini. Hiyo haihusiani na matunda, lakini ni ushahidi kwamba watu wa ng'ombe wamejua tangu zamani kuyafanya mafuta yawe mepesi kwa mkono na subira.

Matunda yenyewe yana siri moja ambayo haiandikwi mara nyingi: yakaushwe. Rojo halishiki juu ya kitu kilicholowa. Nanasi likikatwa liachwe kwenye chujio nusu saa, kisha lifutwe kwa kitambaa safi. Embe lifutwe kwa upole, maana nyama yake huchanika. Usilinyunyizie tunda sukari kabla, kwa sababu sukari itavuta maji kutoka ndani na utarudi palepale. Ndizi ikatwe mwisho kabisa, ipakwe ndimu ili isigeuke rangi. Chungwa limenywe mpaka ule utando mweupe utoke, chenza vivyo hivyo. Papai nalipenda sana hapa, likiwa limeiva bila kulegea, kwa sababu peke yake huwa na utamu uliopooza, na chumvi ya rojo huuamsha. Fenesi silitii. Lina harufu yake kubwa, na baada yake hakuna tunda jingine litakalosikika. Shokishoki za Unguja ni nzuri lakini kokwa zake zinasumbua mkononi. Tende, zikitolewa kokwa na kukatwa mara mbili, zinafaa kuliko unavyodhani.

Na ukubwa wa kipande ni suala la adabu. Mchovya asali hachovyi mara moja, wahenga walilijua hilo, na anayerudi kuchovya na kipande alichokwisha kukiuma amewatia wenzake katika mtihani. Kwenye sinia la pilau kila mtu hula upande wake, mkono haukati katikati kwenda kwa mwenzake. Bakuli la kichovyo halina upande wa mtu, ni la wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo adabu lazima iwekwe mapema, na kisu. Kata kila kipande kiwe cha kuingia mdomoni mara moja. Ukifanya hivyo hutamkumbusha mgeni lolote, na mtoto hatakemewa mbele ya watu. Weka vijiti vya mianzi kwa wanaovitaka, lakini mkono wa kulia uliooshwa hauna mpinzani.

Hapo ndipo mpishi anapotoka. Chakula kingine chochote kimekamilika kinapofika mezani. Hiki kinakamilishwa na anayekula. Yeye ndiye anayeamua tunda gani, kiasi gani, azamishe au aguse tu. Wazee, nimewaona, hugusa. Watoto huzamisha hadi vidole. Mwingine hula matunda matupu mpaka mwisho, kisha huomba kijiko amalize rojo peke yake. Mpishi aliyezoea kuamrisha chumvi ya kila tonge anahitaji kujifunza kukaa mbali na sinia lake, na kulitazama likifanyiwa mambo ambayo hakuyapanga.

Jioni moja ya kaskazi tuliweka sinia barazani kwetu. Mama alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, akichagua papai. Mwanangu alikuwa nje na wenzake, akarudi na embe bichi la kukatwa, lile linalouzwa njiani na pilipili na chumvi, limefungwa kwenye karatasi. Alisimama mbele ya bakuli, akamtazama bibi yake badala ya kunitazama mimi.

"Shikamoo bibi. Naweza kuchovya na hili?"

"Marahaba, mume wangu. Hilo si lina pilipili?"

"Lina pilipili na chumvi."

"Haya, chovya tuone."

Nilitaka kusema kitu kuhusu iliki, kuhusu usiku mzima wa kuchuja, kuhusu kasimile isiyovumilia fujo. Alishachovya. Alitafuna huku macho yamemtoka, akachovya kingine, na bila kuombwa akamkatia bibi yake kipande. Mama alikitia mdomoni. Ukali wa embe bichi, pilipili nyuma yake, kisha ule ubaridi wa mtindi na nazi ukija kuizima: niliyaona yote yakipita usoni mwake kwa zamu, kwa mpangilio huohuo. Kisha nikaonja mimi, na nikakubali kwamba hapakuwa na kitu kingine kwenye sinia lile kilicholifaa rojo langu kama hicho.

"Mwanangu," mama akaniambia, akiwa tayari amenyoosha mkono kuchukua kipande cha mwisho kwenye karatasi, "toka umuwahi huyo muuza maembe kabla hajapinda kona. Na mwambie pilipili asibane."